Ng' ya Mang'ati

Jumatatu asubuhi Isidori Margwe alikwenda buchani kununua nusu kilo ya nyama, akapewa na nyongeza. Abel, mwenye bucha, alipima, kisha akatupia kipande kingine cha mnofu juu ya mzani bila kuombwa, akasema hicho ni cha kocha, kwa kazi nzuri ya Jumamosi. Isidori alibaki anamtazama. Jumamosi timu yake ya Balangda United ilifungwa mbili moja, tena nyumbani Katesh, na yeye ndiye kocha msaidizi. Kazi nzuri ipi?

Abel akafuta mkono kwenye aproni, akachomoa simu, akambonyezea. Ilikuwa video fupi, imekatwa kutoka kwenye matangazo ya runinga. Yonas, winga wa wageni, kijana aliyewahi kuchezea Balangda misimu miwili kabla ya kununuliwa na timu ya Morogoro, alikuwa anakimbia na mpira karibu kabisa na benchi. Halafu ikasikika sauti ya mtu aliyesimama jirani na kipaza sauti bila kujua. "Mwacheni huyo Mang'ati. Huyo hana akili ya mpira, ana akili ya ng'ombe. Mpigieni mluzi, atarudi zizini mwenyewe." Sauti ilikuwa ya Isidori. Hata kile kikohozi cha mwisho kilikuwa chake.

Wateja wawili waliokuwa pale walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akasema hawa watu bila kuambiwa ukweli hawasikii. Mlangoni, nje kidogo ya kizingiti, mama mmoja wa Kibarabaig alikuwa anasubiri zamu yake, shuka begani, bangili za shaba mkononi. Hakucheka wala hakununa. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Isidori alichukua mfuko wa nyama akapita ubavuni mwake, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Katesh kutoka Dongobesh, miaka ishirini na miwili iliyopita, alitaka kumwamkia mama wa Kibarabaig, akashindwa aanzie wapi.

Sasa usije ukamwona Isidori kuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angecheka na wenzake, akala mnofu wake wa bure, akalala. Isidori ni mtu wa kanisani, baba wa binti mmoja, mtu ambaye hata refa akimwonea humwita mheshimiwa. Tatizo lake lilikuwa moja tu, lile neno hakuwahi kulisikia. Kulisema alilisema miaka yote, kama tunavyolisema wengi wetu, Katesh na Mbulu na Babati mpaka huko Dar. Lakini kulisikia kwa masikio yake, likitoka kwenye simu ya muuza nyama, watu wakicheka na mwenye nalo amesimama mlangoni, hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Alifika nyumbani, akampa mkewe nyama, akasema hana njaa.

Barua ya kamati ya nidhamu ya ligi ilifika Jumatano. Mwenyekiti wa timu, Vicent, anauza vifaa vya ujenzi, na siku hiyo hakumwita Isidori ofisini. Alimwita dukani. Akamwacha amesimama kando ya mabati huku akimhudumia mtu wa misumari, kisha mtu wa rangi, kisha mtu aliyekuja kuulizia tu. Wachezaji wawili waliopita barabarani walimwona kocha wao amesimama hivyo kama mtoto aliyefukuzwa darasani, wakaongeza mwendo.

Lalamiko lenyewe lilikuwa fupi. Yonas alieleza kilichosemwa, dakika gani, na nani. Chini yake aliandika maneno ambayo Isidori aliyasoma mara tatu: "Adhabu ni kazi ya kamati, mimi siombi adhabu. Naomba jina la Mang'ati litolewe kwenye leseni yangu ya uchezaji. Si jina langu. Aliyeliandika anajifahamu."

Isidori alijifahamu. Miaka mitatu nyuma, yeye ndiye aliyemtoa huyo kijana kwenye uwanja wa vumbi wa Getanuwas, na yeye ndiye aliyejaza fomu ya usajili kwenye kompyuta ya timu. Dirisha lilikuwa linafungwa saa kumi jioni. Saa tisa na nusu fomu ikadai jina la pili, na kijana yuko Getanuwas kwenye ng'ombe, simu haishiki mtandao. Katibu akauliza, kwani huyu Yonas ni Yonas nani? Isidori akasema, si Yonas Mang'ati? Wakacheka. Akaandika. Tena aliandika vizuri kabisa, na kile kialama cha juu baada ya ng hakukisahau.

Leseni ilipotoka kijana aliitazama muda mrefu, akauliza kwa adabu kama inaweza kurekebishwa. Isidori akamwambia subiri dirisha lijalo. Likaja dirisha, likapita. Likaja jingine. Kijana akauzwa Morogoro, na jina likaenda naye, likashonwa mgongoni mwa jezi, na watangazaji wakalipenda kwa sababu linajaza mdomo.

Mtu wa rangi alipoondoka, Vicent alifunga kitabu chake cha risiti, akaeleza mpango. Kosa la ubaguzi lilikuwa na kifungo kirefu kwa mhusika, na timu ingeweza kupokwa pointi. Pointi zikipokwa, Balangda inashuka daraja. Kwa hiyo lisiwe kosa. Liwe utani.

"Utani haushtakiwi," alisema Vicent. "Tutasema Wambulu na Mang'ati ni watani tangu enzi za mababu. Nani wa kutoka huko mjini atabisha? Wewe nenda Getanuwas, mama yake aweke dole kwenye hii barua kwamba ninyi ni watani na hana kinyongo. Ukirudi nayo una kazi. Ukirudi mikono mitupu, Isidori, kazi huna, usinilaumu."

Isidori aliipokea barua. Alijua, na Vicent alijua, kwamba Wairaqw, ndio hao Wambulu wa kina Isidori, na Wabarabaig hawajawahi kutaniana hata siku moja. Mababu zao walipigana mikuki kwa sababu ya ng'ombe, wakapatana, wakapigana tena. Mtani unamchekea msibani kwake na yeye anakuchekea kwako. Isidori hakuwahi kukanyaga msiba wa Mbarabaig.

Jioni ile walikula ugali na ile nyama ya nyongeza, maana Perpetua, mkewe, mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, si mwanamke wa kutupa chakula. Glory, binti yao wa kidato cha tatu, hakugusa nyama. Alikuwa amehama dawati. Hakuhamishwa, alihama mwenyewe, kwa sababu jirani yake ni msichana wa Kibarabaig na hakujua amtazame vipi. Baba yake alipomwuliza kuna nini, aliuliza swali juu ya swali.

"Baba, Mang'ati maana yake nini?"

Isidori akasema ni kabila, si unajua.

"Wao hawajiiti hivyo. Rafiki yangu ameniambia ni neno la Wamasai. Maana yake adui." Akasukuma sahani taratibu. "Kwa hiyo ile siku Yonas alipokuja hapa kunywa chai, tulikuwa tunamwambia karibu adui."

Perpetua alisimama ghafla kwenda jikoni, na Isidori alijua amekwenda kutazama nini. Nje ya mlango wa jikoni, kwenye msumari, kilikuwa kinaning'inia kikombe cha bati cha kijani. Kilikuwa cha wauza maziwa wa Kibarabaig. Hakuna aliyetunga sheria, kilikuwepo tu, na watu wa nyumba ile hawakukinywea. Yonas alipokuwa akija siku za mechi kuchukua viatu, alipewa chai kwenye kikombe kile. Alikuwa akinywa amesimama, akikisuuza mwenyewe, akikirudisha kwenye msumari, akishukuru.

Ijumaa Isidori alipanda bodaboda kwenda Getanuwas na kilo tano za sukari na blanketi jipya, barua imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Upepo wa Hanang ulikuwa unapeperusha vumbi la mashamba yaliyovunwa. Njiani alijizoeza maneno, akayaona yanakaa vizuri. Ni utani tu mama, vijana wa siku hizi hawajui mila. Yalikaa vizuri mpaka pikipiki ilipozimwa.

Boma lilikuwa kimya, wanaume wako malishoni na mabinti wameshaolewa. Baba wa Yonas alikufa siku nyingi. Kulikuwa na wajane wawili, mama yake na mke mwenza mdogo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyesoma mpaka darasa la saba na aliyefanya kazi ya kutafsiri. Mama mwenyewe alikuwa mrefu, amekonda, amekaa kwenye ngozi akishona shanga. Isidori alisimama mbele yake. Huyu alimzidi umri, hilo lilionekana wazi, na Mmbulu yeyote aliyelelewa anajua mkubwa anasalimiwaje. Ila kwa hawa hakuwahi. Kwa hawa, siku zote, ilikuwa ni "habari" na kupita.

"Shikamoo mama," alisema.

Mama alinyanyua uso. Alisema kitu kwa Kibarabaig, kirefu kuliko marahaba, na mdogo akasema amepokea. Akaletewa kigoda. Akaletewa maziwa kwenye kibuyu kilichonakshiwa shanga, na mdogo akaeleza kwamba hicho ni cha mgeni, hakiguswi na watu wa nyumbani. Isidori alikishika kwa mikono miwili. Alikumbuka msumari. Akanywa mpaka chini, maana hakuwa na ujasiri wa kubakiza.

Kisha akatoa barua. Mama alisema kuweka dole si kazi, mwanawe alishampigia simu kumweleza kuna kesi, na yeye hapendi kesi. Ila karatasi isomwe kwanza, asikie anachowekea dole. Isidori akakohoa, akaanza. "Mimi, mama mzazi wa Yonas Mang'ati, mkazi wa Getanuwas..."

Mdogo akanyoosha mkono kumsimamisha. Akatafsiri. Mama akaacha kushona. Akauliza jambo, kwa sauti ya kawaida kabisa, wala haikuwa ya ugomvi.

"Anauliza," alisema mdogo, huku macho yake yako chini, "huyo Mang'ati ni mwanaume gani aliyezaa naye. Anasema mume wake hakuitwa hivyo, na yeye hakuwahi kutoka nje."

Jamani, kuna aibu ya kukutwa unaiba, na kuna aibu ya kukutwa umevuliwa nguo. Hii aliyoipata Isidori pale kwenye kigoda haikuwa hizo. Hii ilikuwa ya mtu aliyeulizwa swali la haki na mwanamke mzee, na jibu la kweli likawa ni kumtukana mara ya pili. Akasema ni makosa ya kuandika. Akatoa kalamu, akasema tukate hapo, tuweke jina lenyewe. Anaitwa nani hasa?

Mama hakujibu. Isidori akadhani hakusikia, akarudia. Mama akageuza uso pembeni. Akamwuliza yule mdogo. Naye akageuza uso.

Ilibidi aelezwe. Yonas ni jina la shule, alipewa na mwalimu aliyeshindwa kuandika la kwao. La kwao ni la babu yake, baba wa marehemu mume wao. Na mwanamke aliyeolewa kwenye boma halitaji jina la baba mkwe, hata akifa, hata kwa mtoto aliyerithi jina hilo. Ndiyo heshima yao. Mama alikuwa amembunia mwanawe jina lingine la kumwitia, la nyumbani tu, na hilo halikuwa la kuandikwa kwenye karatasi ya serikali.

Isidori alikaa na kalamu hewani. Mwanamke huyu kwa miaka ishirini na tatu hakulitaja jina la mwanawe kwa sababu ya kuliheshimu. Na yeye hakulitaja kwa sababu hakujisumbua kuuliza. Ukisimama kwa mbali ukawasikiliza wote wawili, ungeona hakuna tofauti.

Mama aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa ngozi. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki, imezeeka, kona zimeliwa. Akampa. Akasema, na mdogo akatafsiri, "Kulitaja siwezi. Kulisikia si mwiko. Lisome kwa sauti, siku nyingi sijalisikia."

Maandishi ya nesi yalikuwa yamefifia. Isidori akaisogeza kadi kwenye jua. Akasoma taratibu, akitamka ng kama ya bunge: "Gidabungeda."

Wanawake wawili wakatazamana. Mdogo akaziba mdomo kwa ncha ya shuka, na Isidori hakuweza kujua kama ni kicheko au ni huruma. Mama alirudi kuketi, akaokota shanga zake.

"Nimekosea?" aliuliza Isidori.

"Umekosea," alisema mdogo.

"Linatamkwaje?"

"Siwezi kukuambia."

Akajaribu tena, akivuta huku, akikaza kule, mara tatu, mara nne. Kila mara wale wanawake walitulia wakisubiri, na kila mara wakainama. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumrekebisha. Mwishowe alipiga picha ile kadi, akarudisha, akakunja barua ambayo haikuwekwa dole na ambayo hakuweza tena kuomba iwekwe. Mama alimsindikiza mpaka kwenye uzio. Sukari alipokea, akashukuru. Blanketi alilirudisha, akasema apelekewe mke wa mgeni, huko Katesh kuna baridi.

Perpetua alilitandika lile blanketi kitandani bila kuuliza limetoka wapi, na Isidori alipomwambia, alilikunja upya na kuliweka juu ya kabati. Ndipo walipoongea. Perpetua alisema wazi kwamba anaogopa. Kamati ilikuwa Jumanne, Babati. Akienda na hadithi ya utani, huenda ikapita. Akienda na ukweli, basi ni kukiri makosa mawili, la mdomo na la fomu, na hakuna timu itakayomgusa tena. Mpira ndio kazi pekee aliyokuwa nayo tangu ujana wake.

"Tena mimi nilikuwepo," alisema Perpetua. "Nilikusikia ukimwita hivyo hapa nyumbani mara ngapi? Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikaona sawa."

Isidori akamwonyesha picha ya kadi, akamwomba asome, yeye ni mwalimu. Perpetua akasoma kama alivyosoma yeye. Akasogeza miwani. Akasema hapa panaweza kuwa na ritifaa, kile kialama kinachogeuza ng iwe ya puani, ila nesi hakukiweka. Au pasiwe nacho. Huwezi kujua mpaka umwulize mwenye jina.

"Mpigie," alisema.

Isidori alitafuta namba. Ilikuwepo. Aliitunza miaka yote, imeandikwa Mang'ati Winga. Aliitazama mpaka simu ikajizima mwanga. Hakupiga.

Siku ya Jumapili, waliporudi kutoka kanisani, Perpetua alikitoa kile kikombe cha kijani kwenye msumari. Alikisugua kwa majivu, akakisuuza, kisha akasimama nacho katikati ya jikoni kwa muda. Kukitupa aliona ni kufuta ushahidi. Akakiweka kwenye kabati pamoja na vingine. Glory alipokuja kunywa maji, alikichukua hichohicho.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa hoteli moja Babati. Wajumbe watano, mwenyekiti wao mama mwanasheria mwenye sauti ya upole inayotisha. Vicent alikuja na Isidori kwenye gari lake, na njia nzima alimfundisha maneno, akimwuliza na kujijibu. Kuhusu lile dole alikuwa ameambiwa kwamba mama hakuweza, akasema si kitu, neno la Isidori mwenyewe litatosha.

Yonas alikuwa ameketi upande wa pili, suruali nyeusi, shati jeupe lililopigwa pasi. Walipoingia alisimama. Ndivyo alivyokuwa siku zote, mkubwa akiingia husimama.

Video ilichezwa kwenye ukuta mweupe. Ilikuwa kubwa kuliko ya kwa Abel, na hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mwenyekiti akamwuliza mlalamikiwa ana maelezo gani. Vicent akamgusa goti chini ya meza.

Isidori alisimama. Alikuwa na yale maneno ya gari, yote, yamepangika. Akamwangalia kijana, akaona anatazama meza kama yule mama wa buchani alivyotazama vidole vyake, na maneno yakakimbia.

"Ile sauti ni yangu," alisema. "Utani haukuwepo. Sisi na wao si watani. Na jina la kwenye leseni niliandika mimi, kwa mkono wangu, nilikuwa na haraka na sikujali. Aliponiomba nirekebishe nikamzungusha misimu miwili. Naomba liondolewe."

Goti la Vicent liliondoka karibu na lake. Mwenyekiti aliandika kwa muda, kisha akasema, kwa ajili ya kumbukumbu, ataje jina sahihi la mlalamikaji ili karani aliingize.

Aliombwa kitu kidogo tu. Isidori alitoa simu, akaangalia picha ya kadi ingawa alikuwa ameikariri. Alisema, "Yonas Gidabungeda." Karani akaanza kuandika.

"Samahani mama mwenyekiti," alisema Yonas. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea. Akamgeukia Isidori, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. "Ni Gidabung'eda. Ng', kocha. Ng' ya Mang'ati. Ile unaiweza."

Mmoja wa wajumbe aliinamia karatasi zake. Isidori alirudia, "Gidabung'eda," na safari hii lilitoka sawasawa, jepesi, bila kukwama popote. Ulimi ulikuwa unaijua njia hiyo siku zote. Karani aliuliza kama kialama kinakaa kabla ya e au baada, na Isidori, aliyewahi kukiweka kialama hichohicho mahali pake bila kuulizwa na mtu, akamwonyesha.

Alifungiwa mwaka mmoja asijihusishe na mpira. Timu ilipewa onyo na kubaki na pointi zake. Leseni irekebishwe ndani ya siku saba. Vicent alitoka kwanza, na Isidori alipofika nje alikuta mahali pa gari pakiwa patupu. Akatembea mpaka stendi kutafuta basi la Katesh, akiwa na suti yake ya kanisani, vumbi likimpanda viatuni.

Alikuwa anasoma vibao vya mabasi aliposikia nyayo nyuma yake. Ni Yonas, na begi lake begani, naye anatafuta basi la upande mwingine. Hawakuwa wamepangiwa kukutana, na hapakuwa na pa kujificha. Kijana alisimama. Alishusha begi, kama alivyozoezwa kwao, kwamba mkubwa hasalimiwi ukiwa umebeba mzigo.

"Shikamoo, kocha."

Misimu miwili, kila asubuhi uwanjani, alikuwa akimwamkia hivyohivyo. Na kila asubuhi jibu lilikuwa lilelile, marahaba Mang'ati.

"Marahaba," alisema Isidori. Na lile neno likaja. Baada ya kamati, baada ya Getanuwas na kile kibuyu, baada ya yote hayo, likaja lenyewe bila kuitwa, likapanda kooni, likafika mpaka nyuma ya meno yake na kusimama hapo likisubiri kufunguliwa. Akafunga mdomo. Alitafuta lile lingine, alilolitaja vizuri dakika arobaini zilizopita mbele ya watu wazima watano, asilione.

Kijana alisubiri kidogo, kama mtu anayetaka kusikia ataitwaje. Alipoona hakuna kinachofuata, aliinamisha kichwa kwa adabu, akabeba begi lake, akaenda.

Isidori alibaki pale pale, kiganja kimeziba mdomo. Mama mmoja muuza karanga alimtazama, akamhurumia, akamwuliza kama anaumwa jino. Isidori akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, anaumwa jino.